Jeshi Linaijua Njia ya Migori, Pensheni Haiijui

Usajili wa makurutu ukitangazwa, watu wa Migori na Homa Bay hawahitaji kuambiwa mara mbili. Tarehe na viwanja hutajwa, kaunti ndogo moja baada ya nyingine, na kabla jua halijachomoza vijana wamekwisha kujaa: wa Awendo, wa Uriri, wa Ndhiwa, wa Kuria Mashariki, na wengine waliovuka ziwa kutoka Mfangano tangu jana yake. Wote wamekumbatia bahasha za kaki zenye vyeti halisi. Maafisa hawacheki na mtu. Umri ni miaka 18 hadi 26, kimo kisipungue mita 1.60, na mvulana asiwe chini ya kilo 54.55. Kuna mbio, kisha meno yanahesabiwa, nyayo zinageuzwa na kutazamwa. Jioni wachache wanaondoka na barua ya kuitwa Eldoret kwa mafunzo. Waliobaki wanajifuta vumbi na kuapa kurudi mwaka ujao.

Sijui idara nyingine ya serikali inayomfikia mwananchi kwa mpango kama huu. Daktari wa macho hafiki Muhuru Bay kwa ratiba iliyochapishwa gazetini. Afisa wa ardhi ndiyo usiseme. Lakini akiwapo kijana mwenye mapafu mazuri na miguu isiyo bapa, jeshi litakuja kiwanjani kwao kumtafuta, na litampata.

Miaka ishirini na kitu baadaye huyo huyo anarudi na sanduku lake. Alikaa Garissa, alikaa Manda, pengine alivuka hadi Dhobley. Goti moja linamsumbua na masikioni mna mlio usiokoma. Tangu siku hiyo hakuna lori linalokuja kiwanjani kwa ajili yake. Akitaka kujua kwa nini pensheni imechelewa, apande basi la usiku la Nairobi. Akitaka kurekebisha jina lililokosewa kwenye faili, basi lilelile. Akifa, mkewe atalipanda yeye, akiwa na mtoto mgongoni na barua ya chifu mkobani. Ubaya wa mfumo wetu wa kuwatunza wanajeshi wastaafu na familia zao uko hapo hasa. Haki imeandikwa, na sehemu kubwa ya fedha ipo. Kinachokosekana ni safari ya kurudi kule ambako jeshi lilimtoa mtu.

Kwa eneo hili, deni la namna hiyo lina umri wa zaidi ya karne. Karungu, kijiji cha ufuo wa Nyatike ambacho leo wengi hukijua kwa omena tu, kiliwahi kuwa makao ya serikali ya wilaya ya South Kavirondo kabla ya makao hayo kuhamishiwa Kisii. Septemba 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Kisii, na katika ghuba ya Karungu meli ya Waingereza, Winifred, iliyokuja kuteremsha askari, ilikutana na chombo cha Wajerumani chenye mzinga ikalazimika kurudi nyuma, kisha ikaja tena na mwenzake Kavirondo. Babu zetu waliitazama vita hiyo kutoka ufuoni. Haukupita muda wakawa ndani yake, wengi wao pasipo hata bunduki: walibeba masanduku ya risasi na magunia ya unga hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Nyanza ndiyo mkoa uliotoa wabeba mizigo wengi kuliko mingine yote ya nchi hii. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, hesabu ya Waingereza wenyewe inataja vifo vya wabeba mizigo takriban 95,000, wengi wakiuawa na kuhara, malaria na njaa.

Kisha ikaja siku ya malipo. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wastaafu ardhi. Zaidi ya ekari milioni mbili za nyanda za juu ziligawanywa, mashamba yakachezewa bahati nasibu ndani ya jumba la Theatre Royal mjini Nairobi. Kwa hiyo ruzuku ya serikali kwa askari aliyerudi vitani si wazo geni Kenya. Ilikuwepo, ilikuwa nono, na ilitolewa kwa Wazungu. Mbeba mizigo aliyerudi South Kavirondo akiwa hai alipata kipande, yaani kitambulisho cha kuvaa shingoni. Aliyekufa alibaki akidai mshahara ambao familia yake haikujua pa kuufuatilia. Oscar Watkins, afisa aliyekiongoza kikosi hicho cha wabeba mizigo, alipigania fedha hizo zisizochukuliwa zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ikakataa. Sababu iliyosikika zaidi ilikuwa ya makarani: majina hayasomeki, kumbukumbu hazikukamilika, warithi hawajulikani. Naomba msomaji aikumbuke sababu hiyo, kwa maana bado ina kazi hadi leo.

Vita vya pili vya dunia vilichukua Wakenya takriban 98,000. Askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika, walipigana Abisinia, wakaenda Madagascar mwaka 1942, wakaingia misitu ya Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na pamoja nayo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Askari walionusurika walipoachiwa jeshini walilipwa kiinua mgongo kulingana na cheo, na kulingana na rangi. Nyaraka zilizoanikwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mwafrika alipata hadi karibu theluthi moja tu ya alichopata Mzungu mwenzake. Mwaka mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imetangaza pauni milioni 11.8 kwa wazee na wajane wapatao 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Aprili 2021 Waziri wao wa Ulinzi, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni kwa sababu wafu wa Afrika wa vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina kama wengine. Radhi ni radhi. Wengi waliostahili kuisikia walikuwa wamezikwa zamani.

Nimekaa kwenye ukoloni kwa sababu ni rahisi kumlaumu Mwingereza, na ni haki kumlaumu. Ila mwaka wa 1963 tulichukua bendera, tukachukua kambi, na tabia ya masjala tukaichukua pia.

Hapa Nyanza kuna jambo ambalo halizungumzwi kwa sauti. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Jeshi la Anga la Kenya lilivunjwa zima. Askari zaidi ya 2,000 walikamatwa, wengi wao vijana wa vyeo vya chini ambao asubuhi ile walisikia habari redioni kama mtu mwingine yeyote. Walifukuzwa, na ajira, pensheni na sifa vikaondoka siku moja. Wachache walikwenda mahakamani miaka mingi baadaye na wakapewa fidia kwa kuzuiliwa na kuteswa. Wengine wamezeeka wakiitwa wahaini na majirani ambao hawakuwa wamezaliwa. Mzee wa namna hii aliyefikisha miaka 70 na hana pensheni anaweza kusajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii apate shilingi 2,000 kwa mwezi, fungu lilelile la mkulima ambaye hakuwahi kuvaa gwanda.

Kizazi kilichofuata kiliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 15, 2016, kambi ya El Adde ilivamiwa, na serikali haijawahi kutangaza idadi kamili ya waliouawa. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Kwa askari aliyekufa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika kuna fidia ya dola 50,000, mbali na anachodai kwa serikali yake. Kwa bei za Rongo au Oyugis hizo ni fedha za kubadilisha ukoo. Ndiyo maana huzua vita ya pili, ya nyumbani. Na kwa familia ambayo mwili haukurudi, kuna kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi: mtu asiyesikika kwa miaka saba huhesabiwa amekufa. Miaka saba ni shule ya msingi nzima ya mtoto aliyeachwa akiwa chekechea.

Mwaka 2022 tulipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Hatua kubwa hiyo, na waliotusukuma hadi tukaipata, DEFOCA wakiwemo, chama cha wanajeshi wa zamani, wanastahili shukrani. Kwa mara ya kwanza mstaafu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, anatajwa na sheria kama mtu mwenye haki zake, na wategemezi wake pamoja naye: matibabu, ushauri nasaha, mafunzo ya kuanza maisha mapya. Kabla ya hapo tulikuwa na kanuni za pensheni, na nje ya pensheni tulikuwa na huruma ya ofisa mmoja mmoja.

Tatizo la sheria hii ni kwamba inamsubiri mtu ajitokeze. Tumchukue mjane mmoja wa Ndhiwa, wa kufikirika, ingawa chifu yeyote wa huko atakutajia watatu kama yeye. Mumewe alijiunga na jeshi akiwa na miaka 20, na palipoandikwa ndugu wa karibu akaandika jina la mama yake. Angeandika nani tena? Baadaye alioa kimila, ng'ombe wakapelekwa, watu wakala, hakuna karatasi. Akahamishiwa Lanet, akapata mke wa pili huko, huyu akiwa na cheti. Jina lake katika kitambulisho lina herufi moja ambayo haimo katika faili la jeshi, kwa kuwa karani wa mwaka ule aliandika alivyosikia. Sasa amekufa. Mama mkwe alitangulia kaburini. Shemeji anasema yeye ndiye msimamizi wa boma.

Mjane anaanza safari. Kibali cha mazishi ili apate cheti cha kifo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mmoja alizaliwa nyumbani. Barua ya chifu inayotaja warithi wote, na chifu hataandika mpaka wazee wa ukoo wakubaliane, na wazee hawatakubaliana mpaka shemeji atulizwe. Kiapo cha wakili kueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani Ndhiwa au Homa Bay, tangazo katika Gazeti Rasmi, na kusubiri. Akaunti ya benki. Kisha Nairobi, ambako ataambiwa karatasi moja bado. Kila kituo katika njia hii kina maana yake kikitazamwa peke yake. Ni hatua za kuzuia wezi, na wezi wa mirathi wapo. Ukizipanga zote katika mstari mmoja mbele ya mwanamke asiye na kipato, anakata tamaa kabla ya katikati, na aliyekata tamaa huwasikiliza madalali wanaotaka nusu ya malipo.

Sheria ya Urithi, kifungu cha 3(5), inamtambua mke aliyeolewa kimila hata kama mumewe ana ndoa nyingine ya cheti. Mahakama zimelisema hilo tena na tena. Lakini kifungu hakitembei chenyewe kutoka kitabuni hadi kwenye kaunta. Ukivuka Mto Migori kwenda Kuria mambo yanazidi kuwa na pembe. Wakuria wana jina kubwa jeshini, pande zote mbili za mpaka wa Isebania. Ukoo mmoja waweza kuwa na mwana KDF na binamu yake JWTZ, jeshi la Tanzania, na mjomba wao akawa mzee wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 aliyeko Tarime. Kuna pia ndoa ya nyumba mboke, ambapo mama asiye na mwana wa kiume humwolea nyumba yake mke, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba hiyo. Sasa mwana wa nyumba mboke akifa akiwa jeshini, ni nani mama mkwe, ni nani bibi, ni nani mtegemezi? Wakuria wenyewe hawana shida ya kujibu. Aliyetunga fomu za Nairobi hakuwauliza.

Kuhusu matibabu nitasema machache. Hospitali ya jeshi ya Forces Memorial iko Nairobi, karibu kilomita 400 kutoka Kehancha. Afya tumeigatua tangu 2013. Hospitali za rufaa za Homa Bay na Migori ziko chini ya kaunti. Ushauri nasaha uliotajwa katika sheria ya 2022 hauna maana kwa mtu asiyelala usiku huko Gwassi iwapo mtaalamu wa karibu yuko mji mkuu. Majirani wanamwona anakunywa chang'aa tangu asubuhi, wanasema jeshi lilimharibu, wanacheka. Makubaliano kati ya Wizara ya Ulinzi na kaunti mbili, muuguzi mmoja wa afya ya akili aliyefunzwa kwa kazi hiyo katika kila hospitali ya rufaa, hayo hayahitaji sheria mpya.

Najua jibu linalonisubiri, na ni jibu lenye uzito. Mkulima wa miwa wa Awendo, ambaye amengoja malipo ya kiwanda hadi kalamu za watoto zimeisha wino, atauliza: mimi ninayelisha nchi nina pensheni gani? Mvuvi wa Sori aliyepoteza mume wa dada yake ziwani atauliza fidia yake. Kwa viwango vya kijijini mwanajeshi mstaafu ni mtu mwenye nafuu. Wengi wao ndio wenye duka, ndio wenyeviti wa bodi za shule. Sibishi. Wala siombi waongezewe hata senti. Ninachosema ni kwamba malipo ambayo Bunge limekwisha kuyapitisha yamfikie aliyekusudiwa, na kwamba mjane wa Ndhiwa asihesabiwe pamoja na mwenye duka kwa sababu tu mumewe alivaa sare kama yeye.

Basi fanyeni hivi. Kila usajili wa makurutu unapokwenda katika kaunti ndogo, lori moja la ziada liandamane nao. Ndani yake awe karani wa pensheni mwenye kompyuta iliyounganishwa na kumbukumbu za jeshi, afisa wa kitengo cha wastaafu, afisa wa usajili wa vifo na vizazi, na mtu wa Msajili wa Ndoa. Watandaze meza zao upande wa pili wa kiwanja kilekile, siku ileile, na tangazo lilelile gazetini liwataje. Mstaafu aje athibitishe kwamba yu hai. Mjane aje na wazee wake, chifu akiwa pale pale, jina lililokosewa herufi lisahihishwe mbele ya watu wanaomjua marehemu. Kurutu anayechukuliwa siku hiyo asionyeshwe tu pa kukimbilia. Aonyeshwe pia atakapokuja kukaa akishazeeka.

Watakaosema haiwezekani watazame Uganda. Kati ya 1992 na 1995 nchi hiyo, ikiwa maskini kuliko sisi, iliwaachia wanajeshi zaidi ya 36,000 kupitia bodi maalumu ya kuwasaidia waliotoka jeshini, kwa fedha za wafadhili, na ilihakikisha kuna ofisi ya kuwashughulikia wilayani. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na wako waliouza mabati waliyopewa siku hiyohiyo. Lakini hawakuambiwa wote waje Kampala.

Sisi hatukosi nafasi. Juni 1, 2025, Madaraka Dei iliadhimishwa Homa Bay, gwaride likapigwa katika Uwanja wa Raila Odinga, na watu wa ziwa wakaliona jeshi lao kwa fahari. Siku kama ile ingefaa kabisa kuanzia kazi hii. Wabunge wa kaunti hizi mbili, ambao hupigania kwa jino na ukucha idadi ya makurutu watakaochukuliwa kutoka kwao, waulize kwa sauti hiyohiyo ni wastaafu na wajane wangapi wa maeneo yao walio katika daftari la Wizara ya Ulinzi. Swali hilo linaweza kuwasilishwa Bungeni wiki ijayo, na Waziri analazimika kulijibu.

Na wewe dada ambaye mumeo yuko kambini leo, usingoje lori. Ndoa za kimila zinasajiliwa tangu Agosti 1, 2017. Mumeo akija likizo, nendeni mkasajili yenu, kisha arudi kambini abadilishe jina la ndugu wa karibu, na nakala ya kila karatasi ikae kwako, si kwa shemeji.